J-B Weld kwenye sampu ya Hilux: inashika wapi, inadanganya wapi

Tuanze na hukumu, ili mwenye gari lililolala chini ya mti asilazimike kusoma hadi mwisho. Kwa tundu dogo au ufa mfupi kwenye sampu ya bati (bakuli la oili chini ya injini), mahali palipo tambarare, J-B Weld ya asili, gundi ya epoksi ya kuziba chuma, inafaa, na ikipakwa juu ya chuma kilichosafishwa kweli inaweza kukaa miaka. Kwa sampu iliyobonyea haina msaada wowote, hata kama hakuna tone linalovuja, kwa sababu ubaya wa sampu iliyobonyea uko ndani. Injini nyingi hufia hapo, wala si kwenye tundu.

Tunayoipima ni ile ya tyubu mbili, nyeusi na nyekundu, ya kampuni ya J-B Weld kutoka Sulphur Springs, Texas. Nyeusi ni epoksi yenye unga wa chuma, nyekundu ni kigumisha. Rafu moja nayo utakuta ndugu zake wawili ambao wauzaji huwatoa kana kwamba ni kitu kilekile: KwikWeld, inayoanza kushika kwa dakika sita hivi, na SteelStik, ambayo ni kijiti cha kukanda kwa vidole. Vitu hivi havina uwezo sawa. Ile ya asili mtengenezaji anaipa uvumilivu wa joto hadi nyuzi 287 za Selsiasi, wakati oili ndani ya sampu ya injini yenye afya hucheza kati ya 90 na 120, labda ikapanda zaidi kidogo gari likikokota mzigo mlimani. Kwa hiyo joto si adui wa kazi hii. Adui ni mafuta, rangi na haraka.

Gari tunalolizungumzia ni Toyota Hilux ya dizeli, zile za injini ya 2L, 3L na 5L (majina ya injini, si lita) ambazo bado zinabeba nusu ya mizigo ya vijijini. Sampu zake ni bati lililofinyangwa, na bati ndilo linalokubali ukarabati. Ukiwa na injini kama 1GR-FE ya V6, sampu ni mbili: ya juu ya alumini, ya chini ya bati. Ya chini inatibika kama hii. Ya juu imefungwa pamoja na giaboksi na inabeba mzigo wa mtikisiko. Ikipasuka, epoksi weka kando, tafuta nyingine.

Kabla hujanunua chochote, lala chini ya gari uangalie bonyeo. Mdomo wa chujio la pampu ya oili hukaa karibu sana na sakafu ya sampu. Kwa injini nyingi nafasi hiyo ni milimita 6 hadi 10 tu, na imewekwa hivyo makusudi ili pampu isivute hewa gari likiwa kwenye mwinuko. Sasa jiwe likiinua sakafu hiyo milimita saba au nane, chujio limeshazibwa mdomo. Kijiti cha kupimia oili kinaonyesha imejaa, chini pakavu, injini inanguruma vizuri gari likiwa limesimama. Ukipandisha mzunguko hadi 3000 kwa dakika, pampu inataka oili nyingi kuliko inayopita kwenye upenyo huo, na shinikizo linaanguka. Wa kwanza kuumia ni metali (beringi) za kranki. Na kijiti chenyewe kinakuwa shahidi wa uongo: sampu iliyobonyea ina nafasi ndogo, kwa hiyo alama ya kujaa inafikiwa wakati lita zilizomo ni pungufu.

Bonyeo likiwa kwenye sehemu yenye kina, sampu ishuke, hakuna mjadala. Ikishuka, kipimo ni rahisi na hakihitaji kifaa cha bei. Bandika donge la udongo wa plastiki, ule wa kuchezea watoto, kwenye mdomo wa chujio; ukiukosa, unga wa chapati uliokandwa mgumu na kupakwa mafuta kidogo unafanya kazi ileile. Rudisha sampu kwa bolti nne bila silikoni, ikaze kidogo, ishushe tena, kisha pima unene wa donge lilivyobanwa. Chini ya milimita 6, sampu inyooshwe au ibadilishwe. Hakikisha hakuna kilichobaki kimenata kwenye wavu wa chujio. Pia shika bomba la chujio ulitikise: jiwe lililobonyeza sampu mara nyingi limegonga na bomba, na gasketi ya bomba hilo ikiachia, pampu inavuta hewa hata oili ikiwa tele.

Ukiwa umeshusha, chota matope yaliyobaki chini ya sampu kwa kidole na uyapake kwenye karatasi nyeupe juani. Weusi mtupu ni kawaida ya dizeli. Ukiona vimetameta vya rangi ya shaba au fedha, huenda gari liliendeshwa na taa nyekundu ya birika, ile ya shinikizo la oili, ikiwaka, na hapo suala si sampu tena. Taa ile haiwaki oili inapopungua. Huwaka shinikizo linapokuwa limeshakwisha. Dereva anayesema “iliwaka nikasogea mpaka kituoni” anakueleza bei ya injini.

Tuje kwenye epoksi yenyewe, kwa tundu lisilo na bonyeo la maana. Sampu inaweza kubaki ilipo, na hiyo ndiyo faida kubwa ya J-B Weld kwa Hilux ya 4x4, maana kwenye zenye difu ya mbele iliyofungwa kwenye chesisi, difu imekaa chini ya sampu na kuishusha ni kazi ya siku: ama difu ishuke, ama injini iinuliwe. Lakini kufanyia kazi juu ya kichwa kuna gharama yake. Mwaga oili yote, acha bolti ya kumwagia nje, na uache gari usiku kucha. Oili iliyoganda kwenye kranki na kuta za bloku huendelea kuchuruzika kwa saa nyingi, na ndiyo inayoharibu kazi: unapaka asubuhi, saa sita mchana kijitone kimetoboa njia katikati ya epoksi kabla haijashika. Inua upande mmoja kwa jeki, uweke stendi, ili mabaki yakimbie mbali na tundu. Usitegemee jeki peke yake, uko chini ya tani moja na nusu ya chuma.

Ufa unatobolewa kila ncha kwa drili ya milimita 3, la sivyo utaendelea kutambaa chini ya epoksi. Paka grisi nyingi kwenye ncha ya drili ili vumbi la chuma linate hapo badala ya kuingia ndani, na utoboe polepole. Kisha msasa wa namba 80, upana wa sentimita mbili na nusu kuzunguka tundu lote, mpaka uone chuma cheupe chenye mikwaruzo. Rangi isibaki hata doa. Epoksi inashika rangi vizuri sana, lakini rangi ndiyo inayobanduka kwenye chuma, na kipande chote kinaanguka kama gamba. Mwisho safisha kwa dawa ya kusafishia breki au asetoni. Petroli na mafuta ya taa haviwezi hatua hii kwa sababu vinaacha utando. Futa kwa kitambaa cheupe, badilisha kitambaa, futa tena, mpaka kitambaa kitoke cheupe kilivyoingia. Hapa ndipo mafundi wengi huchoka, na hapa ndipo sifa mbaya ya J-B Weld inapotengenezwa.

Kamua urefu sawa kutoka kila tyubu juu ya kipande cha boksi, changanya mpaka michirizi iishe na rangi iwe ya kijivu moja. Usikadirie kwa jicho la haraka: kigumisha kikipungua, kitu kinabaki laini daima. Safu ya kwanza iwe nyembamba na uisukume kwa nguvu ndani ya mikwaruzo. Tundu likizidi milimita 5, weka kiraka cha bati jembamba au wavu wa alumini juu ya safu hiyo, kisha funika kwa safu ya pili ivuke kiraka pande zote. Popote isiwe chini ya milimita moja. Tatizo ni kwamba ya asili ni laini na huteremka, hasa Dar au Mombasa mchana. Ifunge kwa utepe wa karatasi au karatasi ya alumini iliyopakwa mafuta upande wa nje, au isubiri inenepe kidogo kwenye boksi kabla ya safu ya pili. Unao muda wa nusu saa hivi kabla haijakataa kufanya kazi.

Kisha subiri. Inaanza kushika kwa saa 4 hadi 6, lakini ugumu kamili ni saa 15 hadi 24. Fundi akikuambia saa mbili zinatosha, huenda anaifikiria KwikWeld. Makambako au Limuru mwezi wa Julai ongeza muda, kwani chini ya nyuzi 10 inasuasua sana; taa ya balbu ikiwekwa karibu na sampu usiku inasaidia. Moto wa mkaa usithubutu.

SteelStik na vijiti vingine vya aina hiyo tunavipa nafasi moja: kuziba ukiwa njiani. Unakata kipande, unakanda mpaka rangi iwe moja, unakisukuma kwenye tundu, na ndani ya saa moja kimekuwa kigumu. Udhaifu wake ni kwamba ni kikavu mno, hakilowi kwenye chuma kama epoksi ya majimaji, kwa hiyo kinashikilia tundu zaidi ya kushikilia uso. Tulichokiona kinafanya kazi vizuri zaidi ni kuviunganisha: kijiti kama kizibo, kikishakauka kinasuguliwa na msasa, kisha J-B Weld ya asili inapakwa juu yake na kuvuka hadi kwenye chuma. Hii pia inamaliza shida ya kuteremka.

Sabuni ya mche, dawa ya madereva wa zamani, ni hodari kwenye tangi la mafuta kwa sababu petroli na dizeli haziiyeyushi. Kwenye sampu yenye oili ya nyuzi 100 inalainika na kutoka. Itakuvusha hadi kijiji kinachofuata ukiendesha pole na galoni ya oili pembeni, basi. Na silikoni kupakwa nje juu ya tundu ni upotevu wa silikoni.

Kuna mahali ambapo hata J-B Weld iliyopakwa kwa adabu zote haikai. La kwanza ni kuzunguka kitako cha bolti ya kumwagia oili: kila huduma pale panasokotwa kwa spana, na epoksi haipendi kusokotwa. Nyuzi zilizoliwa pale nazo si kazi ya epoksi. Huwekwa nyuzi mpya za kuchomekea au kitako kipya kinachomelewa. La pili ni ukingo wa sampu, pale inapokutana na bloku. La tatu ni kona kali zilizofinywa na kiwanda, ambapo bati huchezacheza. Na sampu iliyooza kwa kutu usiitie dawa: ukisugua, tundu moja linazaa manne.

Kuchomelea ni kuzuri kuliko epoksi yoyote kwa sharti moja, sampu iwe mezani. Mtu anayekubali kuchomelea sampu ikiwa kwenye gari, na mvuke wa oili umo ndani, mkimbie. Sampu ioshwe kwa maji ya moto na sabuni ya unga mara mbili au tatu, ikauke kabisa. Bati lake ni jembamba, na rodi ya milimita 3.2 wanayoitumia kwenye mageti inalitoboa; rodi ya 2.5 kwa ampia za chini, mashine ya MIG, au brasi kwa moto wa gesi ndiyo saizi yake. Brasi tunaipendelea: inatiririka ndani ya ufa na joto lake ni dogo. Kosa linalojirudia ni ukingo kupinda kwa joto. Sampu ifungwe kwa bolti kwenye bamba nene lililonyooka, au kwenye bloku mbovu iliyoko gereji, wakati wa kuchomelea. Baadaye ilaze juu ya kioo cha dirisha uone kama mwanga unapita.

Kabla ya kuirudisha, jaribio ni la chaki na mafuta ya taa. Paka chaki iliyosagwa na kuloweshwa nje ya eneo lililochomelewa, iache ikauke iwe nyeupe, mimina mafuta ya taa ndani, uondoke kwa saa kadhaa. Mafuta ya taa hupenya mahali ambapo oili haipenyi, na kitundu cha sindano kitajiandika chenyewe kama doa jeusi juu ya weupe. Fundi anayefanya jaribio hili bila kuambiwa, mtunze.

Sampu ya mtumba kutoka maduka ya Gerezani, Dar, au Kirinyaga Road, Nairobi, mara nyingi ndiyo suluhisho la haki kwa iliyobonyea vibaya. Nenda na ya zamani mkononi. Injini ya 5L iko kwenye Hiace na kwenye Hilux, lakini usidhani sampu zake zinafanana. Hata Hilux ya 4x2 na ya 4x4 kina chake kinaweza kukaa mahali tofauti ili kuipisha difu. Gonga kwa sarafu sakafu nzima: mlio ukibadilika kutoka wa bati kuwa mzito, chini ya rangi mpya kuna putei. Ingiza bolti ya kumwagia kwa vidole hadi mwisho. Angalia matundu ya ukingo, kwa sababu karibu kila moja lililokazwa kupita kiasi limevimba kuelekea juu. Yanasawazishwa kwa nyundo ndogo juu ya kipande cha chuma kilichonyooka, tundu moja moja, na usiruke hata moja.

Kuirudisha ndiko kunakoharibu kazi nzuri. Silikoni ya zamani ikatwe kwa kisu chembamba kipana au kifaa cha Toyota namba 09032-00100, si bisibisi ya kupachulia, ambayo inapinda ukingo. Tunatumia silikoni nyeusi ya Toyota, namba 08826-00080, au Three Bond 1207B ambayo miongozo ya Toyota inaikubali. Mstari mmoja usiokatika wa milimita 3 hadi 5, upite upande wa ndani wa matundu ya bolti. Wingi hausaidii: kinachofinywa nje unakiona na kukifuta, kinachofinywa ndani kinakatika vipande na kwenda kulala kwenye chujio, na umerudi kwenye njaa ileile ya oili uliyokuwa ukiikimbia. Sampu ipandishwe ndani ya dakika 3. Bolti ni za M6, kichwa cha milimita 10. Kaza kwa Nm (nyutoni-mita) 10 hivi, zinatosha, kutoka katikati kwenda nje, kwa mizunguko miwili. Mkono unaoshika spana ya boksi karibu na kichwa, si mwishoni mwa mpini, unakaribia hapo. Oili isiingie kabla ya saa mbili, na usiku mzima ni bora.

Wenye Ford Ranger au Mazda BT-50 za kuanzia 2011, za 2.2 na 3.2, wasome aya hii mara mbili. Pampu yao ya oili hupoteza oili iliyomo injini ikikaa bila oili kwa zaidi ya dakika 10 hivi, na ukiwasha hivyohivyo haivuti; metali zinaungua huku kijiti kikionyesha imejaa. Usiku kucha tulioupendekeza kwa Hilux ni hukumu ya kifo kwa injini hizo, isipokuwa pampu ijazwe oili kwanza kwa utaratibu wa kiwanda. Fundi asiyelijua hilo asifungue hata bolti ya kumwagia.

Kwa Hilux, funga filta mpya, mimina oili mpya, chomoa waya wa solenoidi ya kuzimia dizeli kwenye pampu ya dizeli, kisha piga stata kwa sekunde kumi, pumzisha, rudia, mpaka taa ya birika izime. Ndipo urudishe waya na kuwasha. Iache dakika kumi ikinguruma bila kukanyaga, kagua chini kwa tochi, zima, ongeza oili kufidia iliyoingia kwenye filta. Bamba la chini linalokinga sampu lirudi mahali pake na bolti zake zote; mengi tunayoyakuta yamesahauliwa gereji siku ya kubadilisha oili, na sampu iliyotobolewa ilikuwa inangoja tu jiwe. Bolti za sampu usizikaze tena baada ya wiki kama mlivyozoea kwa gasketi ya koki: silikoni iliyokwisha kauka ukiikaza unaikata, na uvujaji unaanza siku hiyohiyo.